Kujifunza Kuteleza Juu ya Mawimbi Likizoni: Mwongozo wa Somo la Kwanza na Mwalimu wa Peke Yako

Mtu aliye likizoni kwenye kisiwa cha kitropiki, anayetaka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kwa kawaida huwa na njia mbili: ajiunge na kundi linalomgawana mwalimu mmoja, au amchukue mwalimu wake peke yake kwa saa moja na nusu au saa mbili. Mwongozo huu ni wa anayechagua njia ya pili. Kwa kuwa njia hiyo hugharimu zaidi karibu kila mahali, ni vyema kujua mapema kinachonunuliwa. Kusukumwa kwenye wimbi kunapatikana hata katika kundi. Anachopata mwenye mwalimu wa peke yake ni macho yasiyombanduka: mwalimu anaona mguu wa nyuma ulivyochelewa, anaona mwanafunzi alikotazama alipokuwa akiinuka, naye anamweleza kabla wimbi linalofuata halijafika. Hatua zote zilizo hapa zimepangwa kwa lengo moja, kwamba macho hayo yatumike ipasavyo na mwanafunzi atoke majini akiwa ameanza kuielewa bahari.

Hatua ya kwanza: Maandalizi kabla ya safari

Jambo la kwanza ni kuogelea. Kwa sababu ubao unaelea, na kwa sababu sehemu kubwa ya somo hufanyika kwenye maji ya kiunoni, wengi hudhani kwamba asiyejua kuogelea anaweza kushiriki bila shida. Dhana hiyo ni ya hatari. Kamba inayomfunga mtu na ubao wake inaweza kukatika au kufunguka, na mkondo unaweza kumtoa mahali anaposimama na kumfikisha mahali asipogusa chini. Kipimo kinachofaa ni kuweza kuogelea mita 50 mfululizo, kisha kuelea mahali pamoja kwa dakika chache bila kushikwa na hofu. Asiyefikia hapo aanze na masomo ya kuogelea. Mawimbi yatakuwepo safari nyingine.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, fanya mazoezi ya mabega na miguu. Pushapu chache kila siku, kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa, pamoja na kuogelea pale panapowezekana, vinatosha kumfanya mtu asiishiwe nguvu katikati ya somo. Uchovu wa mabega ndio unaomaliza masomo mengi ya kwanza kabla ya wakati, maana kila wimbi linalopandwa hutanguliwa na kazi ya kupiga maji kwa mikono.

Soma pia bima yako ya safari. Baadhi ya bima huiweka kando michezo ya majini, au huidai ada ya ziada. Aliyewahi kuteguka bega, mwenye kifafa, mwenye matatizo ya moyo au ya uti wa mgongo, na mjamzito, wazungumze na daktari kwanza, na hali hiyo aelezwe mwalimu bila kufichwa.

Hatua ya pili: Chagua ufuo na saa

Katika hatua hii ndipo usalama wa somo unapoamuliwa kwa kiasi kikubwa, ingawa wageni wengi huipita haraka kwa kuchagua ufuo ulio karibu na hoteli yao.

Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kinakaribia kimo cha wimbi lenyewe. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni kwamba wimbi huvunjika kwenye kina cha mara 1.3 hivi ya kimo chake. Maana yake ni kwamba wimbi la sentimita 80 huvunjika kwenye maji yenye kina cha mita moja hivi. Kwa hiyo mwanafunzi huanguka kwenye maji mafupi kila mara, na swali la nini kipo chini ya maji hayo linakuwa kubwa kuliko swali la mandhari ya ufuo. Chini pakiwa na mchanga, kuanguka vibaya huleta mchubuko. Chini pakiwa na mwamba wa matumbawe, kuanguka kulekule huleta majeraha ya kukatwa, na matumbawe nayo, ambayo ni viumbe hai, huvunjika kwa kukanyagwa.

Tafuta basi ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo, ambapo mawimbi huvunjika mbali na nchi kavu na povu lake husafiri kwa mita nyingi kabla ya kuisha. Ufuo wenye mteremko mkali hulifanya wimbi lijikunje na kupiga ghafla karibu na mchanga, na mahali pa namna hiyo si pa mwanafunzi hata kama wimbi linaonekana dogo. Ghuba ya Weligama, kusini mwa Sri Lanka, imejipatia sifa miongoni mwa wanaoanza kwa sababu hiyohiyo ya mchanga na mteremko mdogo. Waikiki, kwenye kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ina sehemu zenye mwamba chini, lakini mawimbi yake ni ya polepole na marefu, na wenyeji wamekuwa wakiwafundisha wageni hapo kwa zaidi ya miaka 100. Duke Kahanamoku, aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, alikulia kwenye maji hayo kabla ya kuupeleka mchezo huu Australia na kwingineko. Kwa upande mwingine, Teahupo'o huko Tahiti, palipofanyika mashindano ya mchezo huu ya Olimpiki ya mwaka 2024, wimbi hupiga juu ya mwamba ulio karibu sana na uso wa maji. Umaarufu wa mahali, kwa hiyo, usiwe kigezo cha kuchagua darasa la kwanza.

Angalia pia msimu. Kisiwa kimoja kinaweza kuwa na pwani mbili zenye tabia tofauti kabisa: pwani ya kaskazini ya Oahu hupokea mawimbi makubwa mno wakati wa majira ya baridi ya kaskazini mwa dunia, na miezi ya katikati ya mwaka maji hayohayo hutulia mara nyingi kama ziwa. Hali hiyo hutokea kwa sababu mawimbi mengi yanayofika ufuoni hayakuzaliwa hapo. Yanatokana na dhoruba zilizovuma maelfu ya kilomita mbali, nayo hubadilika kadiri majira ya huko yanavyobadilika.

Kuhusu saa, asubuhi mapema ndiyo bora katika visiwa vingi vya kitropiki. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na upepo huanza kuvuma kutoka baharini. Upepo huo huchafua uso wa maji na kuyavunja mawimbi bila mpangilio. Kabla ya hapo hali huwa shwari, au upepo huwa mwepesi ukitoka nchi kavu, na wimbi huja likiwa limenyooka na linasomeka. Hali ya kujaa na kupwa kwa maji nayo ina uzito wake, ila haiwezi kupewa kanuni moja: kuna fuo zinazofaa maji yakiwa yamejaa nusu, na kuna zinazogeuka hatari maji yanapokupwa kwa sababu miamba hujitokeza. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya bamvua hujaa sana na kupwa sana, hivyo mabadiliko huwa ya haraka na mikondo huwa na nguvu zaidi. Mtu mwenye nafasi ya kuchagua siku afikirie siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Asiye na nafasi hiyo amwachie mwalimu apange saa kulingana na maji, wala asimlazimishe kufuata ratiba ya kifungua kinywa cha hoteli.

Hatua ya tatu: Mchague mwalimu kwa maswali

Umahiri wa mtu juu ya mawimbi hauthibitishi kwamba anajua kufundisha. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoanzishwa mwaka 1964 na linalojulikana kwa kifupi kama ISA, lina utaratibu wa kuwapa walimu mafunzo na vyeti, na nchi nyingi zina vyama vyao vyenye mifumo inayofanana nao. Uliza kama mwalimu ana cheti cha aina hiyo, na zaidi ya hapo uliza kama ana mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuokoa watu majini ambayo muda wake haujapita. Mwalimu makini haoni vibaya kuulizwa. Mara nyingi atakuonyesha cheti kabla hujamaliza swali.

Kisha uliza swali ambalo kwa maoni yangu lina manufaa kuliko yote: tutakuwa ufuo gani, na kwa nini huo? Anayejua kazi yake atakueleza habari za upepo, maji na mchanga wa siku hiyo, na pengine atasema kwamba uamuzi wa mwisho ataufanya asubuhi yenyewe baada ya kuiona bahari. Anayejibu kwamba huwa wanakwenda palepale kila siku anafuata mazoea, na bahari haifuati mazoea ya mtu.

Hakikisha kwamba somo ni la peke yako kweli. Zipo shule zinazouza somo la mtu mmoja, kisha mwanafunzi akifika anamkuta mwalimu akiwazungukia watu watatu kwenye eneo moja. Uliza waziwazi kama mwalimu atakuwa majini nawe muda wote na kama atakuwa na mwanafunzi mwingine yeyote. Patana pia mapema kuhusu siku ambayo bahari itakataa: somo litaahirishwa au pesa zitarudishwa? Mwalimu mwenye uhuru wa kuahirisha bila hasara hashawishiki kukuingiza kwenye maji yasiyofaa.

Ukipewa nafasi ya kupigwa picha za video, ichukue kwa sharti moja, kwamba mwalimu ataitazama video hiyo pamoja nawe mara baada ya somo. Dakika tano za kujiona ukiinuka huku mtu akikuonyesha kosa zina thamani kubwa. Bila maelezo hayo, video ni kumbukumbu tu ya likizo.

Hatua ya nne: Vifaa

Ubao wa mwanafunzi mtu mzima uwe wa sponji juu, mpana na mnene, wenye urefu wa futi 8 hadi 9, yaani mita 2.4 hadi 2.7 hivi. Ubao wa namna hiyo huelea sana, hushika wimbi mapema na haupinduki kirahisi, na unapompiga mtu hauumizi kama ubao mgumu. Kijana mwenye mwili mwepesi anaweza kupewa mfupi kidogo. Usikubali ubao mdogo kwa sababu tu unapendeza au kwa sababu mikubwa imeisha. Kwenye ubao mdogo nguvu zote za somo huishia katika kujaribu kulala bila kupinduka. Kagua mapezi yaliyo chini ya mkia wake: yawe ya plastiki laini au mpira, na yawe yamekazwa.

Kamba ya mguuni hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, na mkanda wake wa kunata ukaze bila kubana damu. Ivute kwa nguvu mara moja kabla ya kuingia majini ili uone kama inashika.

Vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu yenye kubana mwili. Inazuia jua, na inazuia pia michubuko ya tumbo na kifua inayoletwa na kusuguana na ubao wenye mchanga na chumvi, ambayo huanza kuuma jioni na kuharibu siku inayofuata. Sehemu zilizobaki wazi zipakwe mafuta ya kinga ya jua, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, hasa uso, masikio, nyuma ya shingo na nyuma ya magoti, mahali panaposahauliwa na pote panapotazama juu mtu anapolala kifudifudi. Chagua yenye zinki oksidi. Hawaii, tangu mwaka 2021, na Palau, tangu mwaka 2020, zimepiga marufuku uuzaji wa mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu ya hofu ya madhara yake kwa matumbawe, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kuyatia mafuta hayo kwenye mizigo.

Pete, mikufu na hereni vibaki chumbani. Nywele ndefu zifungwe. Anayevaa miwani amweleze mwalimu mapema anaona umbali gani bila miwani, ili ishara za mikono zisimpite.

Hatua ya tano: Simameni ufuoni mtazame

Kabla ya kulowa, tumieni dakika 10 hadi 15 kuitazama bahari. Mwalimu akitaka kuiruka hatua hii, mwombe msiiruke, kwa kuwa hapa ndipo mwanafunzi wa peke yake anapopata kile ambacho wa kundi hukikosa.

Tazama kwanza jinsi mawimbi yanavyokuja kwa makundi: matatu, manne au zaidi yenye nguvu, kisha utulivu, kisha kundi jingine. Mwombe mwalimu akuonyeshe wakati gani wa kuingia. Kisha mtafute mkondo unaorudi baharini. Maji yote yanayoletwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi, na mara nyingi hujikusanya na kutoka kwa njia moja nyembamba. Njia hiyo huonekana kama ukanda wa maji yenye rangi iliyokolea, ambapo mawimbi hayavunjiki au huvunjika kidogo, na pengine povu na mchanga huonekana vikielekea nje. Jicho la mgeni huuona ukanda huo kuwa mahali salama kwa sababu umetulia, na utulivu huo ndio unaowaponza watu. Mtu akichukuliwa na mkondo asipambane nao kwa kurudi moja kwa moja ufuoni, maana mkondo wenye nguvu unaweza kumshinda hata muogeleaji hodari. Aushikilie ubao wake, ambao utamwelesha, aende kando sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye njia hiyo, ndipo arudi pamoja na mawimbi. Akishindwa, abaki juu ya ubao na kuinua mkono mmoja kuomba msaada.

Penye waokoaji, tazama bendera. Katika nchi nyingi, bendera nyekundu na njano huonyesha eneo la waogeleaji linalolindwa, ambapo ubao mgumu hauruhusiwi kwa kawaida. Bendera yenye miraba myeusi na myeupe huonyesha eneo la wenye mbao. Bendera nyekundu ni hatari. Mwisho, chagueni alama mbili zisizohama ufuoni, mnazi uliopinda na paa la nyumba kwa mfano, ili kila baada ya mawimbi machache uone kama maji yamekusogeza pembeni.

Hatua ya sita: Mazoezi juu ya mchanga

Mwalimu atakusaidia kujua mguu upi utangulie. Wengi hutanguliza wa kushoto, wengine wa kulia, na hakuna ulio bora. Njia rahisi ni kusimama miguu pamoja huku mwalimu akikusukuma polepole mgongoni bila kukuonya: mguu unaokwenda mbele kujizuia ni dalili nzuri ya kuanzia.

Ubao ukiwa juu ya mchanga, mapezi yafukiwe kwenye shimo dogo yasivunjike. Lala kifudifudi katikati, vidole vya miguu vikigusa sehemu ya mkia. Majini, ncha ya mbele inapaswa kubaki juu ya maji kwa sentimita chache tu. Ukilala mbele sana, ncha huzama na ubao hukurusha kichwa chini. Ukilala nyuma sana, mkia huzama na wimbi hupita bila kukuchukua. Kosa la sentimita tano linaonekana, ndiyo maana mwalimu mzuri hutafuta alama kwenye ubao, mstari au maandishi, na kukuambia kidevu chako kikae sawa na alama hiyo kila unapolala.

Kuinuka kuna sehemu yake ngumu, nayo ni mikono. Viganja hukaa bapa juu ya ubao, kando ya mbavu za chini, viwiko vikiwa karibu na mwili kama katika pushapu. Wanafunzi wengi hushika kingo za ubao kwa vidole, na ubao huyumba papo hapo kwa sababu uzito wa mkono mmoja haulingani kamwe na wa mwingine. Sukuma kwa viganja mpaka kifua na nyonga viinuke, pitisha mguu wa mbele chini ya mwili mpaka utue kati ya mikono, na mguu wa nyuma utue ukiwa umekatiza ubao, karibu na mkia. Magoti yakunjwe, mgongo usiiname sana, macho yatazame mbele. Rudia mara nyingi kwa utulivu kabla ya kutafuta kasi. Asiyeweza kupitisha mguu kwa mara moja anaweza kufundishwa kuinuka kwa hatua mbili, akitanguliza mguu wa nyuma, na njia hiyo inakubalika kabisa kwa mtu mwenye nyonga zilizokakamaa.

Hatua ya saba: Kuingia majini na kujua kuanguka

Ingia ukiburuta nyayo kwenye mchanga badala ya kuinua miguu, ili samaki aina ya taa waliojifukia chini washtuke na kuondoka kabla hujawakanyaga. Ubao uwe ubavuni mwako, ncha yake ikielekea kwenye mawimbi. Usiuweke kamwe kati yako na wimbi, kwa sababu povu likiupiga ukiwa umelala mlalo mbele yako utakuja kifuani au usoni kwa nguvu zote za maji. Usimame pia mbali na ubao wa mwingine, wala usiuachie wako wakati kuna mtu nyuma yako.

Kuanguka kunafundishwa kabla ya kusimama. Anguka upande au nyuma, mwili ukiwa bapa, kama mtu anayejitupa kitandani. Usitangulize kichwa wala usiruke kwa miguu iliyonyooka, kwa maana maji ni mafupi. Ukiwa chini ya maji funika kichwa kwa mikono yote miwili, na uibuke polepole mkono mmoja ukitangulia, kwani ubao unaweza kuwa juu yako. Mwombe mwalimu akuruhusu uanguke makusudi mara mbili tatu mwanzoni. Hofu ya kuanguka ndiyo inayoyakakamaza magoti, na hupungua upesi mtu akishajua kitakachotokea.

Hatua ya nane: Mawimbi ya kwanza

Somo la kwanza hufanyika kwenye povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika, yenye kimo cha magoti mpaka kiuno. Anayekuahidi wimbi ambalo halijavunjika katika saa ya kwanza anakufurahisha tu.

Wimbi la kwanza na la pili, kaa umelala mpaka mchangani. Lengo ni kuhisi jinsi mkia unavyoinuliwa, jinsi ubao unavyotulia baada ya msukumo wa kwanza, na jinsi unavyogeuka ukiegemea upande mmoja kidogo. Kinachofuata ni kuinuka kwenye viganja bila kusimama, kisha kusimama. Subiri ubao utulie: wengi huinuka wakati uleule povu linapogonga, na huangushwa na mtikisiko ambao ungekwisha baada ya sekunde moja. Ukishasimama, tazama jengo au mti ulio ufuoni. Mwili hufuata macho, na anayeitazama miguu yake huanguka karibu kila mara, akidhani tatizo ni miguu.

Mwombe mwalimu akupe sahihisho moja tu baada ya kila wimbi. Mtu aliyetoka kumeza maji ya chumvi hawezi kubeba maagizo manne. Mwalimu anayejua kuchagua kosa lililo mzizi wa mengine, na kuyaacha mengine kwa muda, anastahili ada yake.

Kati ya mawimbi usilale kifudifudi huku umeinua kifua kwa muda mrefu. Kuna jeraha adimu la uti wa mgongo linalowapata hasa wanaoteleza kwa mara ya kwanza, wengi wao wakiwa vijana wenye afya, na madaktari wa Hawaii walilieleza kwa mara ya kwanza kwenye majarida ya tiba mwaka 2004. Inaaminika kwamba kukaa mgongo ukiwa umepinda kwenda nyuma kwa muda mrefu hupunguza damu inayofika kwenye uti wa mgongo. Keti juu ya ubao au simama kila unapopata nafasi, na unywe maji ya kutosha kabla ya somo. Ukisikia maumivu ya ghafla ya mgongo, ganzi au udhaifu wa miguu, au ukishindwa kukojoa baada ya somo, toka majini na uende hospitali mara moja, hata kama maumivu yanaonekana kupungua. Mwalimu anaweza asiwe amewahi kulisikia jeraha hili, mwambie mwenyewe.

Hatua ya tisa: Sehemu ya mwisho bila kusukumwa

Mwalimu anapokusukuma, ni yeye aliyelichagua wimbi, aliyepima wakati na aliyetoa kasi. Umesimama, na furaha yake ni ya kweli, lakini sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mtu mwingine. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba theluthi ya mwisho ya somo mwalimu asiuguse ubao. Abaki karibu, atazame na aseme.

Chagua wimbi mwenyewe na umwambie kwa nini umelichagua kabla halijafika. Geuza ubao uelekee ufuoni mapema, lala mahali pako, na uanze kupiga maji kwa mikono likiwa bado na mita kadhaa kukufikia, kwa mikupuo mirefu inayozama mpaka kiwiko. Unapohisi mkia unainuka, ongeza mikupuo miwili yenye nguvu kabla ya kuweka viganja. Hapo ndipo wengi huacha mapema mno, na wimbi huwapita. Utasimama mara chache kuliko ulipokuwa ukisukumwa. Wimbi moja ulilolichagua na kulishika mwenyewe linaonyesha vizuri zaidi umejifunza kiasi gani.

Hatua ya kumi: Baada ya somo na siku zinazofuata

Oga kwa maji safi na ukague ngozi. Mkato wa matumbawe usafishwe vizuri kwa maji safi na sabuni, vipande vyote vitolewe, na uangaliwe kwa siku kadhaa kwa kuwa huoza kirahisi. Aliyechomwa na samaki aina ya taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, huku akipelekwa kwa mtaalamu wa afya. Kwa yavuyavu, tiba hutofautiana kulingana na aina, kwa hiyo fuata maelekezo ya waokoaji wa mahali hapo.

Kabla hamjaagana, muulize mwalimu mambo matatu: ni kosa gani linanirudisha nyuma zaidi, nifanye zoezi gani chumbani kulirekebisha, na ni hali gani ya bahari katika ufuo huu ambayo nisiingie peke yangu. Andika majibu. Kwa somo la pili, acha siku moja ya mapumziko katikati, kwani mabega ya siku ya pili huwa mazito na mtu mchovu hujifunza makosa.

Anayetaka kukodi ubao na kurudi bila mwalimu afanye hivyo kwenye ufuo uleule aliofundishwa, saa ileile ya maji ambayo mwalimu ameikubali, penye waokoaji, na akiwa na mwenzake majini. Abaki kwenye povu, akae mbali na mahali ambapo wenye uzoefu husubiri mawimbi, na ajue kwamba aliye karibu zaidi na sehemu linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki ya wimbi. Akodi ubao wa sponji wa urefu uleule, aikague kamba na mapezi, atazame bahari kwa dakika 15 kama alivyofanya na mwalimu, na asipouona mkondo unapita wapi, awaulize waokoaji kabla ya kulowesha miguu.